Kwa Nini Baba Yako Alimkatalia Mtu wa Mashine

Mwanangu Shivachi,

Sikuulizi hali, kwa sababu nakusikia kutoka hapa ukicheka na wenzako huko kwa kina Ayuma, ng'ambo ya ua. Jua bado lipo. Nimemaliza kuchambua mboga, nimeketi mlangoni pa jikoni na karatasi nilizomwomba mdogo wako, naye ananichungulia kama mwalimu wa zamu, anataka kujua mama anaandika nini. Kesho unakwenda Mautuma, na asubuhi haitakuwa na nafasi ya maneno. Watu watajaa uani, mchungaji ataomba maombi yake marefu, na mimi nitakuwa nalia au nafunga kuku miguu, pengine yote mawili kwa pamoja. Barua hii nitaiweka juu ya kitanda chako kabla hujarudi.

Sitakuandikia habari za blanketi wala dawa ya malaria, wala namna ya kumheshimu baba yako mkubwa aliyekupa kipande cha shamba lake kule Mautuma. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuyaitikia kabla sijafika mwisho. Nataka kukueleza jambo moja tu: kwa nini baba yako alimkatalia yule mtu wa mashine.

Najua bado linakuuma. Mwezi uliopita, alipokuja na gari lake akasema atakodi mteremko wetu wa juu ya chemchemi, alete mashine ya kuchimba dhahabu, nasi tupate pesa, nilikuangalia usoni. Ulikuwa umeshanunua maksai na plau kichwani, na umeshaanza kulima. Baba yako akasema, "Hapana." Akasema mara moja, akanyanyuka kwenye kiti, akatoka. Wewe ukamfuata mpaka zizini. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni, nikasikia.

"Baba, hata sababu hunipi?"

"Sababu unaijua."

"Siijui. Ninachojua ni kwamba unapenda maji kuliko unavyonipenda mimi."

Tangu siku hiyo mnapitana hapa uani kama wapangaji. Unamwamkia, anaitikia, mambo yanaishia hapo. Nikiweka ugali mezani, kila mmoja anaongea na mimi, na mimi nakuwa kama mtu wa kuunganisha simu.

Uliyomwambia yalikuwa mabaya, mwanangu. Lakini uliposema hujui sababu, hukudanganya. Ulikuwa mdogo sana, na sisi tuliokuwa wakubwa hatupendi kuyazungumza. Unaposhuka chemchemini unaona miti, nyasi na maji. Hujui kwamba hapo unapokanyaga palikuwa shimo.

Nilipoolewa hapa Malinya, chemchemi ile ilikuwa na maji mengi kuliko leo. Yalikuwa yanatoka chini ya mikuyu miwili mikubwa, baridi kama yamewekwa mahali pa kupoza, na pembeni kulikuwa na misiola, ile miti ya maua ya manjano, na matete mpaka kwenye mpaka wa kina Ayuma. Kukhu yako, mama wa baba yako, ndiye alinipeleka mara ya kwanza. Hakunionyesha jiko wala ghala. Alinionyesha maji. Akaniambia nisifulie hapo, nifulie chini zaidi, na nisivunje tawi bichi la mkuyu hata nikikosa kuni. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Hii miti ndiyo inashikanga maji." Mimi nilikuwa msichana wa shule, nimefika darasa la saba, nikacheka moyoni. Niliona ni mambo ya wazee.

Mteremko wa juu ya chemchemi, ule aliokuja kuuomba mtu wa mashine, ulikuwa na migomba na maharagwe. Udongo wake ulikuwa mweusi, ukiukamata unashikana mkononi. Siku ulipozaliwa, babu yako alisimama pale akasema kwamba hiki kipande ni cha huyu mtoto. Watu wakaitikia. Kwa hiyo kilikuwa chako kabla hujafungua macho vizuri.

Ulipoanza kutembea, baba yako alikuwa anachimba shimo la mgomba pale, akapata jiwe jeupe lenye mistari. Wazungu walichimba sana huku zamani, na kila mtu wa Malinya anajua jiwe la namna hiyo. Tukaliponda usiku huohuo kwa mchi, nikaliosha kwenye karai. Zikabaki chembe kidogo sana, zinang'aa pembeni mwa karai. Baba yako alinishika mkono. Hakuwa mtu wa kushikana mikono. Tulifurahi, Shivachi, siwezi kukudanganya. Tulifurahi kama watu waliosamehewa.

Sitasema dhahabu ni kitu kibaya. Mabati yaliyo juu ya kichwa chako yalitoka pale. Redio ilitoka pale. Krismasi moja ulivaa viatu na soksi, ukakataa kuvivua mpaka ukalala navyo. Ndugu wa baba yako wakaja kuchimba, halafu majirani, halafu watu tusiowajua, kila mmoja anamwachia baba yako fungu lake. Mimi na wanawake wenzangu tulikuwa tunaponda na kuosha. Ayuma alikuwa anakaa upande wangu wa kulia. Tuliimba. Nilikuwa naosha mawe huku nimekufunga mgongoni, na mikono yangu ilikuwa myeupe kwa vumbi mpaka viwikoni.

Mashimo yakaenda chini. Shimo likienda chini linataka nguzo, na nguzo zinataka miti. Wakakata misiola kwanza. Ikaisha. Kisha siku moja wakashuka na mashoka mpaka kwenye mikuyu. Kukhu akatoka nyumbani, akaenda akasimama mbele ya mkuyu mmoja, na kanga yake kichwani. Vijana wakaona haya, wakarudi nyuma. Wakamtazama baba yako. Baba yako akanitazama mimi.

Niliwaza watu wanaoingia chini ya ardhi bila nguzo. Niliwaza pia chumba kimoja tulichokuwa tumebakiza kuezeka. Ukiniuliza ni lipi lililokuwa na nguvu zaidi, siwezi kukujibu mpaka leo. Nilimwendea Kukhu nikamshika mkono nikamwambia, "Mama, twende nyumbani, jua ni kali." Akanifuata. Alinifuata kwa sababu alinipenda. Tulipofika mlangoni tukasikia mti ukianguka, naye akaketi chini palepale.

Kuanzia hapo mambo hayakuharibika kwa siku moja, na hilo ndilo lililotudanganya. Maji yalianza kuwa na rangi ya maziwa. Tukasema ni mvua. Yakawa mekundu. Tukaanza kuyaacha yatulie kwenye mtungi kabla ya kunywa. Wewe ukaharisha, na watoto wa Ayuma wakaharisha, tukasema ni maembe mabichi. Kila jambo tulilipatia sababu nyingine. Ulipofika wakati wa kiangazi, chemchemi ikawa inatoa maji membamba kama uzi wa kushonea. Na unajua maji yalikuwa wapi? Yalikuwa shimoni. Yalikuwa yamepata njia nyingine ya kutokea, chini kabisa, miguuni mwa wachimbaji. Walikuwa wanayateka kwa ndoo na kuyamwaga na kuyatukana, kwa sababu yanawazuia kazi. Sisi huku tunapanga foleni ya madebe tangu alfajiri, na wao kule juu wanayatukana.

Ni kwenye foleni ile nilipopigana na Ayuma. Najua umeshawahi kusikia watu wakitutania, ukadhani ni hadithi. Ni kweli. Nilikuwa nimekuacha nyumbani na homa, nikafika nikakuta debe lake liko mbele na lingine nyuma yake.

"Mama Shivachi, panga foleni kama watu wengine," akaniambia.

"Foleni ya nani? Hii chemchemi iko kwa shamba la nani?"

Nilisema hivyo, mwanangu. Maji ambayo hakuna mtu hapa aliyewahi kuuliza ni ya nani, mimi ndiye niliyeyawekea mmiliki. Ayuma akanitazama kama hanijui. Akasema, "Sawa. Na ile shimo inakunywa maji ni ya nani?" Nikampiga. Akanirudishia. Watu wakatutenganisha, na maji kidogo yaliyokuwepo yakamwagika. Msimu mzima hatukuamkiana, sisi tuliokuwa tunaazimana hata chumvi. Nilikuwa nashuka mpaka mtoni, mwendo mrefu kwenda na mrefu zaidi kurudi, napita mlangoni kwake nikiwa na debe kichwani, na yeye anapita mlangoni kwangu.

Halafu mvua ya masika ikaja, na ilikuja kwa nguvu. Ilikuwa Jumapili, nasi tulikuwa kanisani. Ndiyo sababu nina watu wa kuandika habari zao. Tulisikia kama lori linamwaga kokoto. Mhubiri akanyamaza. Tulipofika nyumbani tukakuta mteremko umeshuka. Migomba, maharagwe, nguzo, mashimo, vyote vimejikunja kama mkeka vikaenda kulala chini, juu ya chemchemi. Juu kulibaki jeraha jekundu na mawe. Baba yako alikimbia kwenye midomo ya mashimo akaita majina ya watu wote waliokuwa wanachimba, mmoja mmoja, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Wakamwitikia kutoka nyuma yake. Walikuwa wamesimama hapo, wamevaa nguo zao za kanisani. Hakuwaamini mpaka alipowagusa.

Wewe ulikuwa umenishika sketi. Ukauliza, "Mama, shamba imeenda wapi?"

Baba yako alikusikia. Nataka ulijue hilo. Alikusikia.

Wachimbaji walihamia kilima kingine juma lilelile. Siwalaumu, walikuwa na watoto. Dhahabu yenyewe ilikuwa imekaribia kwisha hata kabla ya mvua. Na hapo ndipo nilipoanza kufikiria vitu vya ardhi kwa namna nyingine, mimi ambaye nilikariri shuleni kwamba mali asili ni madini, maji, misitu, udongo na wanyama, nikapewa alama zangu nikaenda zangu nyumbani. Nilikuwa nimeviweka vyote kwenye kapu moja. Lakini havifanani. Dhahabu ukiitoa imetoka. Hata ungeiachia shimo wazi miaka mingapi, haitaota tena. Mti ukiukata unaweza kupanda mwingine, ila utausubiri mpaka mtoto wako awe na ndevu. Maji yenyewe hayaishi ukiyateka, yanakuja kila siku, mradi usiharibu mahali yanapolala. Na udongo ndio uliotudanganya kuliko vyote, kwa sababu tunaukanyaga. Tuliona kama upo tu. Ule mweusi uliokuwa unashikana mkononi, nimeungojea tangu siku ile ya Jumapili, na mpaka leo ukichimba pale unakuta kiasi cha kidole, chini yake mawe. Ndiyo maana hakuna mahindi yanayoota pale. Ndiyo maana, kwa kweli, unakwenda Mautuma.

Sikuandika hilo kwa urahisi. Nimelifuta mara moja nikalirudisha.

Baada ya mporomoko baba yako aliketi tu. Hakwenda kwenye pombe kama wengine, aliketi. Aliyeamka kwanza ni Kukhu. Asubuhi moja tulimkuta huko chini peke yake anaondoa mawe kwa mikono, moja moja, anayapanga pembeni. Baba yako akamwambia, "Mama, acha, haiwezekani." Akamjibu, "Mimi sitaki iwezekane. Mimi natafuta maji yangu." Akaendelea. Baba yako akavua shati.

Mimi nikaenda kwa Ayuma. Nilifika mlangoni kwake nikasema tu, "Tunaondoa mawe kule chini." Akanitazama. Akaingia ndani, nikadhani amenifungia mlango. Akatoka na jembe lake. Njiani akaniambia, "Lakini ulinipiga vibaya, Rasoa. Hili sikio linalianga mpaka leo." Tukacheka mpaka tukalazimika kusimama. Ndio urafiki unaouona.

Kazi ile haikuwa ya msimu mmoja. Tulijaza mashimo kwa mawe yaleyale tuliyoyatoa. Wanawake wa kanisani wakaja, halafu waume zao. Tulichimba mitaro ya kukinga maji ya mvua, tukapanda nyasi za nepia kwenye kingo zake. Tulikosea pia. Baba yako alileta miche ya mikaratusi, kwa sababu inakua haraka na nguzo zake zinauzika, akaipanda chini karibu na chemchemi. Ikakua vizuri sana, na pale palipokuwa pameanza kuloa pakakauka tena. Akaing'oa yote yeye mwenyewe. Nilimwona akiitazama ile miti yenye afya imelala chini, mali kabisa, nikajua amebadilika. Akaenda kwa mjomba wake akaomba vipande vya mkuyu, akapanda vile, na misiola, na miti mingine ya huku ambayo haina soko lolote.

Kukhu hakuyaona maji. Alikufa mwaka ambao mikuyu ilikuwa haijafika kimo cha mtu. Alikuwa anauliza kila jioni, "Bado?" nasi tunamwambia, "Bado, Mama." Nilimwosha mimi kwa mara ya mwisho, kwa maji ya mtoni, na hilo nimelibeba.

Wewe ulikuwa umeanza shule Ayuma alipotuita. Hakupiga kelele. Alikuja mpaka hapa nilipoketi sasa, akaniambia, "Njoo uangalie kitu, huenda ni macho yangu." Tukashuka. Chini ya jiwe moja kulikuwa na unyevu, na kwenye unyevu kulikuwa na maji ya kujaa kiganja. Tulitoa majani, tukangoja. Yakajaa tena. Baba yako alikuja, akapiga magoti, akaangalia kwa muda mrefu, akasema, "Msiyaguse mpaka kesho," kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Yalichukua miaka kufika pale yalipo leo, na hayajawa yale ya zamani. Sidhani yatakuwa. Lakini mwaka jana kiangazi kilipokuwa kikali, watu walitoka mpaka kilima cha pili kuja kuteka kwetu, na hakuna aliyeulizwa shamba ni la nani.

Sasa rudi zizini, siku ile uliyomwambia maneno yale.

Ulipoondoka kwa hasira kwenda kwa wenzako, nilimtafuta baba yako nikamkuta chemchemini, ameketi kwenye jiwe. Jua lilikuwa linazama. Nikakaa karibu naye. Baadaye akasema:

"Aliposema vile, nilitaka kumkimbilia yule mtu wa mashine, nimwambie arudi."

"Kwa nini hukumkimbilia?"

"Nilifika barabarani."

Sikuwa najua, Shivachi. Alikuwa amefika mpaka barabarani. Gari lilikuwa bado linaonekana. Lilikuwa limesimama kwa duka, yule mtu ananunua sigara.

"Nikakumbuka alivyouliza shamba imeenda wapi," akasema. "Nikasema, nikimpa shimo lingine, nimempa nini? Maksai watakufa siku moja. Pesa itaisha. Na hawa watu wa kilima chote watakuja kuniuliza swali lile lile."

"Ungemwambia hivyo mtoto."

"Nitamwambiaje? Nilikula shamba lake akiwa mtoto, sasa nimemnyima pesa akiwa mkubwa. Kila upande nimemkosea."

Basi hiyo ndiyo sababu. Hapendi maji kuliko anavyokupenda. Alikuwa anaogopa kukufanyia yaleyale mara ya pili.

Nami nina langu la kukuambia kuhusu Mautuma. Juzi ulipokuwa unakula ulisema utaanza na miti ya bondeni, uichome makaa, uuze, ununue maksai, halafu ukaushe kinamasi upande mahindi mpaka mtoni. Nilinyamaza kwa sababu mlikuwa mmenuniana na baba yako na sikutaka kuongeza kuni motoni. Lakini nilifika Mautuma mara moja, tulipokwenda kumzika mke wa baba yako mkubwa, nikaliona hilo bonde. Shamba lote lile lilikuwa la mzungu, ni tambarare, upepo unalipiga kutoka asubuhi hadi jioni. Miti iliyobaki ni ile tu, na iko pale kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kuikata. Chini yake kuna kinamasi, na chini ya kinamasi ndiko wanawake wa kule wanateka maji mwezi wa Januari. Niliteka nao. Niliona vile mto unavyotoka kwenye kinamasi ukiwa safi, baada ya kuingia ukiwa mchafu.

Sisemi usiguse kitu. Utaishi kwa ardhi, na ardhi ni ya kutumiwa. Kata kuni, kata matete ya kuezekea, chimba udongo wa matofali kama unataka nyumba nzuri, na Mungu akusaidie kuijenga. Ila kabla ya kuinua shoka, jiulize hicho kitu kitarudi lini, na nani anakingojea kwa chini. Kama hujui, waulize wanawake walio na madebe. Mimi niliambiwa na Kukhu nikacheka. Wewe huna sababu ya kuanza pale nilipoanzia.

Najua utasema, "Mama, ni rahisi kusema, nitalima na nini?"

Kwa hiyo niandike na hili, ingawa nimekatazwa.

Leo asubuhi ulipokwenda kuaga kanisani, baba yako alimfungua Tingatinga. Hakuna mtu wa Malinya asiyemjua fahali huyu. Umeona alivyomlea, alivyomchanganyia molasi na nyasi kwa mkono wake, alivyomwimbia alfajiri ya siku ya pambano la mafahali kama mama anayebembeleza. Umeona watu wakija na bahasha za pesa wakitaka kumnunua, na yeye akiwacheka na kuwarudisha. Leo amemwongoza kwa kamba mpaka soko la Lubao, peke yake, kwa miguu. Amerudi mchana na kamba tu. Amenunua maksai wawili waliozoea nira, na plau iliyotumika kidogo. Wako kwa rafiki yake pale sokoni, na mwenye lori la mahindi litakalokupeleka kesho ameshakubali kuwapakia. Ndiyo sababu amesema ni lazima lipitie Lubao, na wewe ukanung'unika kwamba anakuchelewesha.

Akaniambia, "Usimwambie. Ataona mwenyewe huko. Sitaki aseme nimemnunua."

Nimemheshimu. Sijakuambia. Nimeandika tu.

Sasa hivi yuko zizini. Kigingi cha Tingatinga bado kimesimama, na yeye anajifanya anarekebisha ukuta ambao hauna kasoro yoyote. Amepiga msumari mmoja tangu nianze barua hii. Ukimaliza kusoma, nenda kwake. Usimwombe radhi kwa maneno mengi, atakimbia. Usimtaje fahali. Mwambie tu kwamba hujawahi kufunga nira vizuri, akuonyeshe kabla hujaondoka. Atajua palepale kwamba mama yako ameshindwa kunyamaza, na atanikasirikia mpaka chakula cha jioni. Hilo niachie mimi.

Mama yako,
Rasoa